Chumba cha Mama Melania

Kisumu Ndogo, Kibera
3 Septemba 2023

Kwa mwanangu Amondi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili na roho, wewe pamoja na masista wenzako wote. Mimi niko. Magoti yananisumbua kwa ajili ya baridi lakini mandazi bado nauza kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimekupigia simu wiki nzima, naambiwa hupatikani. Nikadhani umeibiwa. Kumbe simu zenu zote zimekusanywa na kufungiwa katika kabati la Mama Mkuu kwa mwaka mzima, ili mkae kama alivyokaa Mama Melania aliyewaanzisha. Aliyeniambia ni Annet, yule anayewapikia huko na ambaye analala huku karibu na reli. Nilicheka, mwanangu. Mama Melania ninavyomkumbuka, angepata simu asingeiweka chini. Alipenda kuongea huyo mama. Basi Annet amekubali kuwa posta wetu.

Ninaandika kwa ajili ya Opondo. Tarehe ishirini na moja ya mwezi ujao ndugu yako anatimiza mwaka tangu afariki. Jumuiya wamekubali kuja kusali hapa chumbani, siyo kanisani, kwa sababu hapa ndipo alipolala akiugua. Unajua ukuta ule wa upande wa kitanda chake? Pale alipokuwa akiegemeza kichwa akikohoa pamebaki weusi wa mafuta ya nywele. Chini yake kuna mistari aliyokwaruza kwa kucha alipokuwa hana sauti tena na anataka maji. Watu wananiambia nipake chokaa. Sijapaka. Kaburi liko mbali, kwetu Alego, na siwezi kwenda kila nikimkumbuka. Huo ukuta ndio kaburi langu la karibu.

Wakati anakata roho ulikuwa kwenye mafungo ya sala, nami sikukulaumu. Kwenye maziko ulikuja ukaondoka na gari la masista kabla ya watu kunywa chai, nako sikukulaumu. Safari hii naomba uje ukae. Muulize Mama Mkuu kwa upole, atakubali.

Adhis jirani yetu, yule muuza dagaa wa omena, anakusalimu. Anasema akikuona atakuomba umwombee paka wake aache wizi.

Ni mimi mama yako,
Min Opondo


Kawangware
17 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Milele amina. Nimepokea barua yako kutoka mkononi mwa Annet, ilikuwa inanukia mandazi nikaisoma mara mbili kabla ya sala. Mimi ni mzima. Pole kwa magoti. Ujipake ile dawa niliyokuletea, usiiweke tu kabatini.

Mama, nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niweke nadhiri. Mwaka huu shirika limesema turudi kwenye urithi wetu. Tumechoka kuwa watu wa geti na kengele. Unajua mimi tangu nimalize malezi nimekaa ofisi ya shule kuandika risiti za karo, na wazazi wananiogopa kama askari. Sikuingia utawa kwa ajili ya risiti. Niliingia kwa sababu nilimwona Mama Melania akimwosha mgonjwa miguu, nami nimeshika beseni.

Kila Jumamosi tunakaa duara, kila mmoja anasimulia anachokumbuka au alichosikia juu yake. Juzi ilikuwa zamu yangu. Niliwaambia jinsi nilivyokuwa nikimchotea maji nikiwa darasa la pili, na siku alipohamia huku Kawangware akakupa wewe ufunguo, ukiwa na mimba ya Opondo na baba ameshatuacha. Nikasema na mama yangu anakaa humo mpaka leo. Mama, hawakuamini! Walidhani chumba kilibomolewa barabara ilipopita. Kisha wakasimama, wakapiga vigelegele. Mama Mkuu alinishika mikono analia, akasema, "Domitila, miaka yote hii umekaa na lulu mfukoni?"

Nimemwomba ruhusa ya tarehe ishirini na moja. Hakunikubalia mimi tu. Amesema tutakuja wote! Utaona wingi wa masista katika kile chumba mpaka ucheke. Opondo ataombewa na shirika zima.

Mwanao,
Sista Domitila


Kisumu Ndogo
29 Oktoba 2023

Kwa mwanangu Amondi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari ya tangu siku ile? Natumaini mlifika salama na wale masista wazee hawakuumwa na miguu kwa kushuka ule mteremko wetu. Mimi niko salama, majirani ni salama.

Nilifurahi kukuona unakula. Ulikula samaki mpaka ukalamba vidole kama zamani, na shela lako likaingia mchuzi.

Mengine nayasema kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Mlikuja wengi, na kile kitambaa kikubwa kilichoandikwa Turudi Kwenye Chemchemi mkakitundika mlangoni, watu wa Jumuiya yangu wakakosa pa kupitia. Walisimama nje kando ya mtaro na rozari zao. Mzee Benard, mwenyekiti wetu, alikuwa amevaa suti. Mliimba nyimbo za Mama Melania, mkasoma maisha ya Mama Melania, mkapiga picha. Yule sista mdogo akavua viatu akabusu sakafu. Adhis akaninong'oneza, "Min Opondo, mwambie hapo ndipo paka wangu hulala." Kisha akasema, "Umegeuzwa Yerusalemu, dada. Kesho tutalipishwa kiingilio." Nilicheka kwa aibu.

Opondo alitajwa mwishoni kabisa. Padri mliyekuja naye alisema, "Na marehemu wote, hasa Augustino." Hakuna Augustino aliyekufa hapa. Nilikutazama wewe ili umsahihishe. Ulikuwa umefumba macho.

Mlipoondoka ndipo Jumuiya wakaingia. Tulianza upya, kwa sauti ya chini, na Mzee Benard akaweka kiganja chake pale ukutani Opondo alipokuwa akiegemea.

Nina swali. Yule sista mrefu wa miwani alikuwa na futi ya kupimia. Alipima ukuta, akapima mlango, akapima na kitanda kilipo. Nikamuuliza, "Sista, mnanishonea pazia?" Akacheka tu. Alikuwa anapima nini?

Mama yako,
Min Opondo


Kawangware
3 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe katika mwanzo huu wa Majilio. Hujambo? Magoti je? Nisamehe kwa kukawia. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Mama, naomba uisome umekaa.

Shirika limekata shauri. Masista watatu watatoka huku Kawangware waende kukaa Kisumu Ndogo kama Mama Melania, bila gari, bila geti, wakichota maji kwa foleni pamoja na watu na kuwatembelea wagonjwa. Na wamechagua kukaa katika chumba chake. Mwenye ploti, Bwana Muia, amekubali kuliuzia shirika vyumba vyako vile viwili, cha kwako na kile cha nyuma ambacho ni stoo.

Wewe utapata chumba huku mtaa wa Congo, Kawangware. Nimekiona mwenyewe. Sakafu ni ya saruji, ukuta ni wa mawe, na bomba liko uani. Hutapanda tena ule mteremko na magoti yako. Ni karibu na nyumba yetu, utasikia kengele ya sala.

Mmoja wa wale watatu ni mimi.

Mama, hiki ndicho nilichoingilia utawa. Nimekingojea tangu nikiwa msichana. Mama Mkuu aliniuliza mbele ya wote, "Je, mama yako atakubali?" Nikasimama nikajibu, "Mama yangu hajawahi kumnyima Mungu kitu." Walipiga makofi. Nilipoketi ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimekujibia.

Sasa nakuuliza, ingawa nimechelewa. Utakubali?

Mwanao,
Sista Domitila


Kisumu Ndogo
10 Desemba 2023

Amondi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, nakuombea uzima.

Unaniuliza kama nitakubali. Muia alishafika hapa Alhamisi, kabla Annet hajaniletea barua yako. Alikuja anatabasamu, na soda mkononi.

"Mama Sista, hongera!"

"Hongera ya nini?"

"Si mtoto wako ndiye anaingia? Nyumba inabaki kwa familia. Wewe ungekuwa na bahati gani nyingine? Mwisho wa mwezi unanipa ufunguo, huko Congo wameshakulipia."

Nikamwambia sijaambiwa kitu. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mlevi. "Mama, hao ni masista. Wanawezaje kukosa kukuambia?"

Ndivyo nilivyopata habari.

Amondi, mimi sina ugomvi na kazi ya Mungu. Mkitaka kukaa na maskini, huu mtaa una vyumba. Kile cha kona kimekuwa kitupu tangu Agosti. Mama Melania alipokuja hapa mara ya kwanza hakuna mtu aliyehamishwa. Alikaa jikoni kwa mama mmoja wa mtaa wa Makina, Mwislamu, mpaka fundi viatu aliyekuwa humu aliporudi kwao Busia kwa hiari yake. Mimi nilikuwepo. Sikusoma hayo kitabuni.

Sisemi hapana, kwa maana umeshasema ndiyo mbele ya watu, na sitaki uonekane mwongo kwa wenzako. Naomba mambo mawili. Mniache mpaka Pasaka ipite. Na ule ukuta wa kitanda msiupake rangi.

Mama yako


Congo, Kawangware
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Amondi,

Salamu katika mwaka mpya. Sikupata jibu lako, na Annet anasema ulikuwa katika mafungo ya kujiandaa. Natumaini umetoka salama. Mimi ni mzima. Kama unavyoona hapo juu, nimeshahama.

Muia hakungoja Pasaka. Alisema masista wana tarehe yao ya mwezi wa pili na mafundi lazima waanze. Sijui kama ni kweli au ni maneno yake. Adhis na wanawe walinisaidia kubeba. Kitanda cha Opondo hakikuingia katika mlango wa huku, ikabidi tukiuze kwa mtu wa pale barabarani, naye akakichukua akinitazama kama mtu anayeiba. Adhis alikaa juu ya gunia la nguo akasema, "Min Opondo, mimi nimeshafukuzwa na wenye nyumba wanne. Lakini hao walikuwa watu wabaya tu, nilikuwa najua nimtukane nani."

Chumba ni kizuri. Sisemi uongo. Sakafu haina vumbi na maji yako hapo nje. Watu wa huku ni Waluhya wengi, ni wakarimu. Mama Nasambu wa mlango wa pili aliniletea ugali na mboga siku ya kwanza, na Jumuiya yao wameniandika. Wananiita mgeni. Mandazi huku hayaendi vizuri, kuna kijana anauza ya maziwa na ana redio.

Kengele yenu naisikia. Ikilia najikuta nasema, Amondi anaingia kanisani. Halafu nakumbuka hapo hutakaa tena, unahamia kwangu.

Siku ya kuondoka niliegemea pale alipoegemea yeye. Nilimwambia mama anahama. Nilimweleza ni wapi, nikarudia jina la mtaa, maana huku Congo hajawahi kufika. Naona haya kukuandikia hivyo, utasema mama amekuwa mpagani. Lakini angenitafuta.

Mama yako,
Min Opondo


Kisumu Ndogo, Kibera
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko? Mimi ni mzima.

Nimeandika hapo juu Kisumu Ndogo, nikarudia kuyasoma hayo maneno. Zamani wewe ndiye ulikuwa unaandika hivyo.

Juzi, siku ya watawa, tulirudia nadhiri zetu humu ndani, sisi watatu, tumepiga magoti mbele ya Mama Mkuu. Kiti cha mbele kilikuwa kimewekewa jina lako. Kilibaki kitupu. Mama Mkuu alisema labda magoti. Nikasema ndiyo, magoti.

Ukuta umepakwa, Mama. Nilisema. Nakuapia nilisema, niliomba waache hata sehemu ndogo. Sista wa miwani akaniambia, "Domitila, mtawa hajifungi kwa ukuta. Hiki si chumba cha ndugu yako, ni cha Mama Melania." Mimi ndiye niliyewafundisha kukiita hivyo. Fundi akaupaka, mweupe wote, na pale wametundika picha yake.

Nalala hapo. Kitanda changu kiko pale kilipokuwa cha Opondo.

Tunaamka mapema, tunachota maji kwa foleni. Nilidhani watu watatufurahia. Wanatusalimia, ni kweli, lakini hawaingii. Mama mmoja ana mtoto mgonjwa chumba cha tatu kutoka hapa, tumekwenda mara mbili, anasema amelala. Adhis nilimpa mkono akaniambia, "Karibu mtaani, Sista," kama mtu ambaye hajawahi kunibeba mgongoni. Nikamwambia, "Mama Adhis, ni mimi Amondi." Akasema, "Najua ni wewe. Ndiyo maana nimesema karibu, ungekuwa mwingine nisingesema kitu."

Naomba uniandikie. Hata kunigombeza.

Mwanao,
Sista Domitila


Kisumu Ndogo
24 Machi 2024

Mama mpendwa,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Natumaini u mzima. Annet anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaiweka chini ya mtungi, ukamkaribisha chai na kumuuliza habari za watoto wake.

Sijui niandike nini. Yule mtoto wa chumba cha tatu amepona. Mama yake alimpeleka kwa Adhis, na Adhis akawapeleka kliniki. Tulisikia habari baadaye, kwenye foleni ya maji.

Nakutakia Pasaka njema.

Mwanao


Kawangware
19 Mei 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za mvua huko Congo? Annet anasema upande wenu hamkuingiliwa na maji, nami nimemshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima.

Tumerudi Kawangware. Mvua ya mwezi wa nne ilijaza mtaro, maji yakaingia ndani mpaka kwenye vitanda, na sista mkubwa kati yetu akaugua homa. Mama Mkuu akatuma gari. Alisema ni kwa muda, mpaka pakauke. Pamekauka. Jana ametuambia hatutarudi. Baraza limeona mwaka wa urithi ufungwe mapema, maana matunda yake yameshaonekana. Chumba kitafungwa, kitafunguliwa kila mwaka siku ya kumkumbuka Mama Melania, na manovisi, wale wanaoanza utawa, watapelekwa kukiona. Tumerudishiwa simu. Yangu bado sijaiwasha. Kwa simu ningelia na wewe ungeninyamazisha.

Mimi nimerudishwa ofisi ya shule. Kiti ni kilekile.

Kuna jambo la mwisho, afadhali ulisikie kwangu. Wameandika kitabu kidogo cha mwaka wa urithi. Jina lako liko katika orodha ya wafadhili, la kwanza kabisa: Mama Amolo, aliyetoa makao yake kwa moyo mkunjufu. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wafadhili wanasomwa kanisani na kuombewa. Mwezi huu nilisikia jina lako linasomwa, na masista wote wakaitikia, uwakumbuke ee Bwana. Mimi sikuweza kuitikia.

Nataka kutoka, Mama. Nimefikiri sana. Ninavua shela nije tukae wote hapo Congo, nitafute kazi yoyote. Nilikunyang'anya kitu nikidhani nampa Mungu, na sasa hakuna aliye nacho. Hata Mungu sidhani.

Niambie nije.

Amondi


Congo, Kawangware
2 Juni 2024

Kwa mwanangu Amondi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yule sista aliyeugua homa amepata nafuu. Mimi niko salama. Huku Congo maji hayakuingia, hilo Annet alisema kweli. Barua zako zote tatu ninazo. Sikukujibu kwa sababu kila nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa kibaya, na mimi sijazoea kukuandikia mabaya.

Nilipopata hii ya mwisho nilikwenda Kisumu Ndogo kwa miguu. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mlango mmeupaka rangi ya samawati na kuna kufuli kubwa. Adhis aliniona akaacha omena zake, akaja akasimama na mimi. Hakufanya mzaha, na wewe unamjua. Akasema tu, "Wale masista walilala wapi siku za mvua?" Nikamwambia wamefuatwa na gari. Akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe maji yalimfikia magotini, akapandisha kitanda juu ya matofali, akakaa. Mimi pia kila mwezi wa nne nilikuwa napandisha. Opondo alikuwa anacheka, anasema tumepanda ghorofa.

Kesho yake nilikuja huko kwenu. Usishangae kwamba hukuambiwa, ulikuwa shuleni nami nikaomba usiitwe. Nilimtaka Mama Mkuu. Alinipokea vizuri sana, akanikalisha kwenye kochi, akanimiminia chai mwenyewe.

Nikamwambia, "Mama Mkuu, kama hamkai, nirudishieni chumba. Nitalipa kama nilivyokuwa namlipa Muia."

Akaniambia kwa upole, "Mama, pale sasa ni mahali patakatifu. Hatuwezi kupapangisha."

Nikamuuliza, "Na kabla hamjafika, palikuwa nini?"

Si mtu mbaya. Alitazama chini, uso ukabadilika, nikadhani atasema neno. Halafu akauliza kama chai imepoa, akaniongezea. Niliinywa, maana sikulelewa kumwaga chai ya mtu.

Basi chumba kimekwisha, mwanangu. Sitakiomba tena.

Sasa hilo la kutoka. Mimi sikukuingiza utawani na sitakutoa. Lakini usitoke kwa ajili yangu. Ukija kukaa hapa kwa sababu ya aibu, tutakaa wawili tunatazamana, na kila nikikohoa utaniomba msamaha. Sitaweza. Kama bado unamtaka yule Mungu uliyemwona ukiwa umeshika beseni, mtafute hapo ulipo, hata kwenye hizo risiti. Wazazi wanakuogopa, umeniambia mwenyewe. Anza nao. Na kama humtaki tena, toka kwa sababu hiyo, uje nikupikie, sitauliza neno.

Umeniuliza kama nimekusamehe? Hapana, hukuuliza, umesema tu uje. Nitakujibu hata hivyo. Nakupenda kama siku uliyozaliwa alfajiri, na ndiyo maana nikakuita Amondi. Kusamehe bado. Nikiamka najaribu, mpaka jioni kinyongo kimerudi. Padri wa huku ananiambia niendelee kujaribu, nami naendelea.

Nina ombi moja. Ijumaa ya kwanza iko karibu. Mwambie msomaji aliondoe jina langu kwenye wafadhili. Mimi sikutoa chumba, niliondolewa, na sitaki kuombewa kwa wema ambao sikuufanya. Wewe ukiwa peke yako, ukimaliza sala zako zote, ikikupendeza, unikumbuke pamoja na wapangaji.

Ni mimi mama yako,
Min Opondo